Jumamosi ya Kagure

Jumatatu, 28 Aprili

Muhula wa pili umeanza kwa mvua na kwa mkutano, na sijui kipi kimenichosha zaidi. Mwalimu mkuu, Bwana Gikonyo, ametutangazia kwamba mwezi wa saba maafisa wa elimu watakuja kuona watoto “wakishirikiana”. Alilitamka neno hilo huku akinitazama mimi, kwa sababu Gredi ya Tano ni yangu, na kila mtu katika shule hii, mpaka mpishi, anajua Gredi ya Tano haishirikiani hata kwenye foleni ya uji.

Nikaingia darasani nikawapanga wanne wanne. Kila kundi nikalipa karatasi moja kubwa na kalamu za rangi, nikawaambia wachore mto kutoka mlimani mpaka kwetu. Watoto hawa wamezoea kuandika wakiwa wameziba daftari kwa mkono ili jirani asinakili. Ukiwapa karatasi moja ni kama umewaambia wavae shati moja. Kundi la mbele, lililojiita Tai baada ya kugombana juu ya jina, ndilo lililonitia hasira zaidi. Griffins alinyakua kalamu zote akachora peke yake. Watiri akalia. Mutahi akalala. Kagure, msichana mdogo anayelelewa na nyanya yake huko chini karibu na mto, alikaa mikono mapajani akitazama tu, kana kwamba karatasi ile haikumhusu.

Mwalimu Ngatia wa Gredi ya Sita alipita dirishani akacheka. “Karambu, wapatie mtihani watulie,” akasema. Mzee huyu anakaribia kustaafu na anakunywa chai kwa kelele. Simpendi.

Jumatano, 30 Aprili

Leo Griffins ameandika kazi ya kundi zima, kisha akawaandikia wenzake majina yao juu. Mawili ameyakosea.

Jumanne, 6 Mei

Nimepata!

Nilipokuwa mtoto kule Nkubu, akina mama walikusanyika wakalima shamba la huyu leo, la yule kesho, mpaka wote wakalimiwa. Hapa Tetu wanaita ngwatio. Hakuna aliyewafundisha ushirikiano kwa chati ukutani. Basi kila kundi litapanda mboga nyumbani kwa kila mmoja wake, kwa zamu, Jumamosi moja nyumba moja. Kilimo tumekipata, ushirikiano tumeupata, na maafisa watapata cha kupiga picha. Nitaanza na Tai, maana ndio wabovu zaidi. Wakiweza wao, wote wataweza.

Nimeandika kwenye WhatsApp ya wazazi wa darasa. Kabla sijaweka simu chini madole gumba yalikuwa yamejaa. Mama Griffins ameandika, “Waanzie kwangu Teacher, tuko na nafasi kubwa.” Nyanya yake Kagure hayumo kwenye WhatsApp, ana kale kasimu ka tochi. Nimemwambia Kagure amweleze. Amesema, “Sawa, Teacher.”

Jumamosi, 17 Mei

Mvua ilitupa nafasi asubuhi. Tai wamepanda mistari minne ya sukuma wiki nyumbani kwa Griffins, penye majani chai mpaka macho yanapochoka. Nilisimama kando nikijizuia kusema. Walibishana juu ya umbali wa mashimo, kisha Watiri akapima kwa kiganja chake, na wote wakafuata kiganja cha Watiri. Nilitaka kupiga vigelegele. Kagure ana mikono ya kazi, miche yake ndiyo iliyosimama wima kuliko yote.

Baadaye Mama Griffins akatuita ndani. Pilau, nyama, soda, matunda kwenye bakuli la kioo. Ni mama wa maneno mengi na roho kubwa, hilo siwezi kumnyima. Akapiga picha za meza, akazirusha WhatsApp kabla hatujamaliza kula.

Jumatatu, 19 Mei

Darasa zima liliwazunguka Tai asubuhi. Nikasogea nisikie wakiulizwa kuhusu mistari na mashimo. Swali lilikuwa moja tu: “Mlikula nini?”

Jumamosi, 24 Mei

Kwa Watiri. Mvua tangu saa nne, tope mpaka magotini, lakini spinachi imepandwa na hakuna aliyelia. Mama yake Watiri alipika chapati na kuku na hakuketi hata mara moja. Nilimfuata jikoni kumshukuru, akanong'ona, “Niliona picha za kwa Mama Griffins. Singewapatia githeri, mahindi na maharagwe tu, Teacher, ningeitwa nini?” Nikacheka. Nikala kuku.

Jumanne, 27 Mei

Mutahi anatangazia watu kwamba kwao watachinja mbuzi. Sidhani. Kagure ameacha kuongea kwenye kundi, nikimwuliza anasema yuko sawa. Tena ameingiwa na kisirani. Jana alimsukuma Watiri kwenye foleni bila sababu.

Jumamosi, 31 Mei

Leo nimekasirika mpaka kichwa kinauma.

Tulikuwa kwa Mutahi. Mbuzi hakuchinjwa, lakini kulikuwa na wali na nyama, na baba yake alikuwa amevaa koti kwa ajili yetu. Watoto walipanda sukuma vizuri kabisa, wakanawa, wakala. Tulipotoka nje kuaga, miche yote ilikuwa imeng'olewa. Nikatafuta ng'ombe wa kulaumu. Lakini ng'ombe hapangi miche kando ya shimo, mmoja mmoja. Na Kagure alikuwa amesimama pale, udongo mikononi, hajifichi.

“Ni mimi,” akasema.

“Kwa nini?”

Akakung'uta udongo viganjani.

Griffins akaruka. “Atoke kwa group yetu! Teacher, mtoe! Anatuharibia!” Watiri naye, “Mtoe!” Mutahi alikuwa akilia kwa ajili ya sukuma zake. Kagure hakuwatazama. Alinitazama mimi, akingoja, na nikaona kiburi pale machoni, kiburi cha mtoto anayetaka kujua utamfanya nini.

Nikamwonyesha. “Hatoki mtu,” nikasema. “Utazipanda tena zote sasa hivi, peke yako. Na Jumamosi ijayo ni zamu ya kwenu. Tutakuja, upende usipende.”

Alipanda zote. Baba yake Mutahi alitaka kumsaidia nikamkatalia. Wakati wa kuondoka nilimwita Kagure mara mbili, hakugeuka. Kuna watoto ambao wana kitu kigumu ndani, na shule haiwezi kukifikia. Nilidhani huyu ni mpole. Kumbe ni mkimya tu, na kimya si upole.

Jumatatu, 2 Juni

Kagure hakuja. Watiri anasema ako na homa.

Jumanne, 3 Juni

Homa. Kundi la Tai limetulia, darasa limetulia. Hii ni shajara yangu kwa hivyo niseme ukweli: nimeshusha pumzi.

Alhamisi, 5 Juni

Mutahi amekuja mezani kwangu, mikono nyuma, akasema kama anayesoma somo kanisani: “Cucu wa Kagure pia ako na homa, kwa hivyo Jumamosi isikuwe.” Cucu ndiye nyanya. Nimeahirisha.

Mvua imekatika, ukungu umeshuka, na baridi imetuingia mpaka kwenye chaki. Griffins alisinzia juu ya dawati katikati ya hesabu. Ncha za vidole vyake zimekuwa nyeusi. Nikamwambia akanawe, akasema haitoki.

Jumatatu, 9 Juni

Homa imehamia tumboni, kulingana na Griffins. Kulingana na Watiri, tumboni. Kulingana na Mutahi, tumboni “upande wa kushoto”, na hapo Watiri akamkanyaga mguu.

Hawa watatu wamenishangaza. Sasa wanatembea pamoja, wanakunywa uji pamoja, na wakiniona nakuja wananyamaza pamoja. Nikajisifu kwa Ngatia chumba cha walimu kwamba mbinu yangu imeanza kufanya kazi. Akaweka kikombe chini. “Na yule mdogo wa huko mtoni?” Nikamwambia ni mgonjwa. “Nilifundisha marehemu mama yake,” akasema. “Huyo mtoto tangu nursery hajakosa shule, hata akiwa na surua alikuja tukamrudisha. Wiki nzima, na hujaenda kumwona?” Nikamjibu kwamba nina watoto thelathini na sita, si mmoja. Akanyanyua kikombe akanywa kwa kelele zake.

Kesho nitaenda. Si kwa sababu yake.

Jumanne, 10 Juni

Nimeketi karibu na jiko na bado sijavua viatu vyenye tope.

Baada ya masomo niliteremka njia ya mtoni. Sikuwa nimewahi kufika kwao. Ni nyumba ya mbao ya vyumba viwili, safi, uani pamefagiliwa. Cucu alikuwa mlangoni akipukuchua maharagwe, buti za mpira miguuni, mzima kama mimi.

“Karibu mwarimu,” akasema, maana l kwake ni r, akanyoosha shingo kutazama nyuma yangu. “Umemwacha Kagure wapi?”

“Nimekuja kumwona. Homa imepungua?”

“Homa gani? Ameenda shure. Asubuhi amekunywa chai, amevaa uniform, ameenda. Hata jana. Siku zote.”

Akasoma usoni mwangu kila kitu. Akasimama, ungo ukapinduka, maharagwe yakatawanyika. “Mtoto wangu ako wapi, mwarimu?” Akauliza tena, polepole, kana kwamba naelewa lugha kwa shida: “Mtoto wangu. Ako wapi?”

Chini yetu mto ulikuwa bado umejaa maji ya Mei, mekundu, na njia ya shule inapita kando yake. Anapita hapo kila siku na sijui lolote. Nikampigia Ngatia simu kwa kuwa ndiye anayekaa karibu. Hakuuliza hata swali moja, akaja na pikipiki yake bila koti. Tukauliza dukani. Tukauliza kwenye posho mill, wanakosaga unga. Mtu mmoja alimwona asubuhi darajani akiwa na mfuko. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba tuliitana ili tusipotezane. Nilimwona mzee Ngatia akishuka ukingoni na kijiti mkononi, akainama, akachungulia majini, kisha akageuza uso upesi. Cucu alikuwa akiita jina la mtoto bila kupumzika. Niliomba. Niliomba kwa Kimeru, kama mama yangu.

Ndipo nikakumbuka vidole vya Griffins. Rangi ile isiyotoka kwa maji ni utomvu wa majani chai.

Nikapanda mpaka kwa akina Griffins mbio mbio. Mutahi alikuwa ameketi juu ya jiwe kando ya shamba, na aliponiona akapiga mluzi. Mluzi! Nikampita. Katikati ya chai niliwakuta. Watiri alikuwa ameshika mifuko minne ya shule, sare ya Kagure imekunjwa juu vizuri. Kagure alikuwa na kikapu mgongoni kinachomfika magotini, karatasi ya nailoni imefungwa kiunoni, midomo imekauka kwa baridi. Na Griffins alikuwa mstari wa pili akichuma kwa mikono miwili na kutupa majani yake ndani ya kikapu cha Kagure.

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumchapa. Nilipiga kelele tu. Nikauliza shule ameiachia nani.

“Sijaiacha, Teacher. Nitarudi.”

“Lini?”

“Wakishakuja kwetu.” Alikuwa akitazama kikapu. “Mama Griffins atanipea mchele na unga ya chapati. Kuku bado.”

“Nani alikwambia upike kuku?”

Akanitazama kama mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyeuliza kitu cha kijinga. “Nimekula kwao mara tatu,” akasema. “Kwetu tuko na githeri tu, na siku zingine hakuna. Niling'oa sukuma ndio wanitoe kwa group, zamu isifike. Wakakubali. Wewe ukakataa.”

Griffins akaingia kati yetu, huyu huyu Griffins. “Teacher, ni mimi nilimwombea kazi kwa Mum. Jumapili alituambia kwa nini aling'oa. Tulikuwa tunamsaidia tu amalize haraka arudi.”

Nimelifikiria hilo jioni nzima. Mmoja alilinda njia, mmoja alitunza mifuko, mmoja alichuma, na uongo wa homa waliufanyia mazoezi mpaka ukalingana. Hakuna aliyemnyang'anya mwenzake kalamu. Walifanya kila kitu nilichowafundisha, na kazi yenyewe ilikuwa kunidanganya mimi.

Ngatia alimleta Cucu kwa pikipiki. Cucu hakumpiga mtoto. Alimshika kifundo cha mkono, akakaza, wakashuka bila kuniaga.

Kwenye ngwatio, mwenye shamba ndiye hulisha waliokuja kumlimia. Kila mtoto wa hapa anajua hivyo. Na mimi nilijua, tangu Nkubu, ila nilikuwa mtoto, nikaona majembe na nyimbo na sufuria kubwa, sikujiuliza sufuria hiyo ilijazwaje. Nimekula pilau mwenyewe. Nimekula kuku. Nimetuma watoto wanne wakale kwa zamu katika nyumba nne, na moja kati ya hizo sikuwa hata nimeiona.

Jumatano, 11 Juni

Kagure hakuja.

Nilikwenda kwa Mama Griffins nikiwa nimejaa maneno. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. “Griffins aliniambia wamepewa ruhusa ya project,” akasema. “Nikimpatia Kagure unga bure anarudisha. Aliniambia hivi: sikukuja kuomba. Ungefanya nini, Teacher?” Macho yake yalikuwa mekundu. “Ilikuwa nimuulize zaidi. Najua. Lakini wewe pia, ulitutumia watoto tuwalishe, hukufikiria ni akina nani watashindwa?” Nilirudi na nusu ya maneno yangu bado mdomoni.

Bwana Gikonyo amesikia, kijiji kizima kimesikia. Ameniita ofisini akafunga mlango. Mtoto wa miaka kumi akichuma chai saa za masomo si jambo la kufunika. “Asipokuwa darasani Jumatatu asubuhi naandikia ofisi ya watoto,” akasema. “Watakuja, wataona ile nyumba na yule nyanya mzee, na watamchukua mtoto wampeleke makao ya watoto. Sipendi, Karambu. Lakini nisipoandika, mimi ndiye nitaulizwa.”

Jumatatu. Cucu hana mtu mwingine duniani ila yule mtoto.

Alhamisi, 12 Juni

Hakuja. Aliyekuja ni Cucu, kwa mguu, kilima chote kile. Alisimama mlangoni mwa darasa mpaka watoto wote wakasimama.

Tukatoka nje. Nikamwomba radhi. Nikamwambia Jumamosi hiyo nimeifuta, hakuna atakayekwenda kwao, mtoto arudi tu.

“Ati umeifuta,” akasema. “Unataka boma yangu ikuwe ire watu wanaruka?”

Nikamwambia basi tutakuja, nami nitabeba chakula, mchele na nyama.

“Ukireta chakura kwangu, mwenye boma ni nani? Ni wewe?” Aliniangalia kwa muda. Ni mdogo kwa umbo, lakini nilijiona mfupi. “Kagure amesema harudi mpaka awarishe vire amerishwa. Nimemwomba, nimemgombeza, amekataa. Anataka chapati na kuku. Mimi siko na kuku. Rakini hakuna mtu aliniuriza, mwarimu. Si yeye, si wewe. Mmenifanya kama mimi siko.”

“Naam, Cucu.”

“Wakuje Jumamosi. Watakura ire iko.”

“Na Kagure akikataa?”

Akajifunga leso upya. “Hiyo sijui,” akasema, akaondoka.

Ijumaa, 13 Juni

Nimewaambia Tai: kesho saa tatu, na yeyote atakayesema neno baya juu ya chakula cha Cucu atanijua mimi ni nani. Wakatazamana. Siku hizi wakitazamana naingiwa na hofu.

Jumamosi, 14 Juni

Nianze tangu asubuhi, nisiruke.

Walifika watatu kwa wakati, wakitembea polepole kama watu waliobeba kitu. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya nyumba. Cucu alitusalimia kwa mkono mmoja mmoja. Kagure hakuwapo. “Ako ndani,” akasema Cucu. “Amekataa kutoka. Anasema mmekuja kuona vire hatuna.” Nikaenda dirishani nikamwita. Nikambembeleza, mimi, ambaye sibembelezi watoto. Hakutoka. Nikawaza Jumatatu, daftari la mahudhurio, na Bwana Gikonyo akiandika barua kwa kalamu yake ya bluu.

Nikawaambia watoto waanze. Wakasimama hawajui pa kuanzia. Mwishowe Griffins akachukua jembe akaenda chini kabisa, penye udongo mweusi laini, akalima pigo la kwanza, la pili, la tatu.

“Si hapo!”

Sauti ilitoka dirishani.

“Griffins, si hapo! Hapo mto hufika! Unataka sukuma yetu ibebwe?”

Mlango ukafunguka akatoka, miguu pekupeku, akampokonya jembe. Akawaonyesha sehemu ya juu, akachora mstari kwa kisigino, akamwambia Watiri apime kwa kiganja, Mutahi alete samadi, Griffins atoe mawe. Hawakubisha. Mimi nilipotaka kusema kitu alininyooshea debe. “Teacher, wewe leta maji.” Nikaenda kuleta maji.

Walipomaliza Cucu akaita. Githeri ilikuwa kwenye sufuria nyeusi, nduma zimechemshwa kando, chai kwenye birika. Bakuli zilikuwa chache, mimi nikapewa kifuniko cha sufuria. Kagure ndiye aliyepakua. Uso wake ulikuwa umekazwa kiasi kwamba sikutaka kuutazama. Aliwapa, akasimama, mwiko mkononi, akingoja.

Griffins akala vijiko viwili, akaacha. Watiri vijiko viwili, akaacha. Mutahi alikuwa akitafuna na kutafuna bila kumeza.

Jamani. Nilitaka ardhi inimeze. Cucu aliweka birika chini bila sauti.

“Ni mbaya?” akauliza Kagure.

“Hapana,” akasema Griffins. “Ni tamu. Tumeshiba.”

“Mmeshiba na nini?”

Watiri akaangua kilio. “Tulikula kwetu! Tulikubaliana tukule sana asubuhi, ndio chakula yenu isiishe!”

“Mimi nilikula viazi nane,” akasema Mutahi kwa huzuni. “Na mkate.”

Basi imekwisha, nikasema moyoni. Kuja kwenye ngwatio ukiwa umeshiba ni kumwambia mwenye nyumba kwamba ulijua hana kitu. Nilimwona Cucu akifumba macho.

Kagure aliwatazama mmoja mmoja.

“Mlikubaliana lini?”

“Jana.”

“Bila mimi?”

Mutahi akachungulia bakuli lake.

“Mimi si wa group?” Na hapo sauti ikampasuka. “Mnaenda mnakubaliana mambo ya kwetu na mimi siko? Mimi si wa group?”

“Wewe ni wa group,” akasema Griffins, akiangalia miguu yake.

Kagure akajifuta pua kwa mkono. “Basi mtakula,” akasema. Akachota githeri, akajaza bakuli la Griffins mpaka juu, la Watiri mpaka juu, la Mutahi mpaka juu. “Mimi nilikula pilau yenu yote. Sikuacha hata mchele moja. Kuleni.”

Akawasimamia na mwiko. Wakala. Sijawahi kuona watoto wakila kwa bidii hivyo. Mutahi alilegeza mshipi. Watiri alikuwa akila na kulia. Griffins, mtoto wa pilau na soda, alisimama ghafla akakimbia nyuma ya ua, tukamsikia akitapika, kisha akarudi, akafuta mdomo, akaketi, akachukua kijiko chake.

Cucu ndiye aliyeanza kucheka. Aliziba mdomo kwa leso, mabega yakamcheza, kisha ikamshinda. Halafu Kagure. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Anacheka kwa sauti nene ya mtu mzima, na akicheka lazima ashike kitu. Alimshika Watiri.

Mimi nilimaliza kifuniko changu nikaomba kingine, nikapewa.

Jumatatu, 16 Juni

Baridi kali. Bwana Gikonyo alisimama mlangoni mwa darasa langu tangu kengele, mikono kifuani. Nikaita majina kwa kufuata daftari. Nilipofika la Kagure nilisita, ingawa nilikuwa nimemwona ameketi pale, sare imepigwa pasi.

“Niko,” akasema, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mwalimu mkuu akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Nikaendelea na kazi. Nikatangaza kwamba Jumamosi hii ni zamu ya kundi la Simba, na wataanzia nyumbani kwa Kinuthia. Kagure akanyoosha mkono, mara ya kwanza muhula huu.

“Teacher, umeuliza kwao?”

Nikafungua mdomo kusema kwamba wazazi wote walikubali kwenye WhatsApp. Kisha nikamtazama Kinuthia. Alikuwa ameinamia dawati akikwaruza mbao kwa kucha.

“Bado,” nikasema.

“Basi si uende uulize,” akasema Kagure, akashusha mkono.

Saa kumi nimevaa buti, nikapanda kilima kwenda kwa akina Kinuthia.